Nusu ya Habari

Mvua ya mwezi wa tano ilipiga siku tatu Miritini,
ikajaza matairi mabovu nyuma ya yadi ya makontena,
vyura wakabishana mitaroni.
Alfajiri ya nne shangazi Mejumaa
aligonga dirisha langu kwa mpini wa kisu:
"Amka. Kichuguu kimetoa."

Porini hakuwa mtu wa maneno.
Maneno aliyamaliza sokoni, kwa wauza nazi.
Alipiga magoti, leso kaifunga kiunoni,
akapuliza majani makavu kama anayepoza uji wa mtoto,
na chini yake, vichwa:
vya kijivu, na ncha katikati,
vimesukuma udongo mpaka ukapasuka.

"Usikate. Kukata ni kwa anayejua. Wewe chimba."

Nikachimba. Shina likashuka, likashuka,
mkono ukazama karibu na kiwiko,
na mwisho wake, mchwa,
na joto la nyumba yao, harufu ya unga uliochachuka.
"Huu una kwao," akasema.
"Umeufuata mpaka mlangoni. Huu tutautia tui."

Hatua kumi mbele, chini ya mvinje,
mwingine ulisimama peke yake,
mweupe, umenyooka kama kanzu ya Idi iliyotoka pasi.
Kofia nyeupe. Matamvua meupe. Pete shingoni.
Nikanyoosha mkono kuukwanyua.
Akanishika kifundo.
"Chimba na huu."

Haukufika mbali. Shina liliketi ndani ya kikombe,
kikombe laini, kama ganda la yai lililopasuliwa.
"Ukikata juu, hiki kinabaki chini,
na wewe unarudi nyumbani na nusu ya habari."

Wako wanaotia sarafu ya fedha sufuriani.
Wako wanaochemsha na mchele, wakaungojea ubadilike rangi.
Jirani yetu Mwero aliapa kwa konokono:
anachoonja yeye, binadamu asiogope.
Shangazi alicheka mpaka akakohoa.
"Konokono ana ini kama lako?"
Kisha hakucheka tena.
"Sumu hii haina papara. Inakuacha ulale.
Inakutapisha, inakuhangaisha, halafu inakupa nafuu,
unaomba chai, watu wanasema alhamdulillahi,
kumbe ndani ndipo kazi inaanza."

Jioni ile akaja Nafula, mpangaji wa chumba cha tatu,
na beseni la buluu kiunoni.
Uyoga mweupe, umeoshwa, umekatwa vizuri sana kwa kisu.
"Kwetu Bungoma hata mtoto anaujua huu," alisema,
na uso wake ulikuwa umeshafika Bungoma;
miaka sita hakuwa ameuona.

Shangazi aligeuza mmoja mmoja.
Alitafuta chini. Hapakuwa na chini.
"Umeuchuma wapi?"
"Kule kwenye miti."
"Miti gani?"
"Miti tu, mama."

Hakubishana. Alilibeba beseni mpaka choo cha shimo,
akamwaga wote, akafuatisha jivu.
Nafula hakupiga kelele. Alisema taratibu,
"Ulikuwa mkono wa mama yangu huo, umeumwaga,"
akaingia ndani, akafunga komeo.
Usiku tulikula uyoga wetu wa tui, na sima,
na kila tonge nililisikia likishuka.

Kabla ya vuli alihama. Hakuaga.
Kichuguu kiko chini ya lami sasa, malori yamelala juu yake.
Ule wa beseni ulikuwa upi, sijui.
Pengine ulikuwa mtamu, salama, chakula cha watoto.
Nilimuuliza shangazi mara moja.
"Sijui," alijibu, akimenya muhogo. "Ndiyo maana."

Beseni lilibaki kwetu.
Nanyweshea kuku.
Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo
huwa nalifunika.