Kizimba cha Kumi na Saba

Tartu, Februari, ghorofa ya chini ya ardhi.
Theluji imekalia madirisha kama mgeni asiyeaga.
Ndani taa ni nyekundu: panya huishi usiku,
nasi tumewapindulia saa.
Virve Laanemets anavua glovu za sufu, anavaa za mpira,
anapima chupa kabla ya kuwapima wenye kiu.

Somo lenyewe jepesi.
Mpe panya maji matamu, ladha ambayo hajawahi kuionja,
mwache anywe dakika ishirini, apanguse sharubu,
kisha mdunge pombe tumboni.
Atajilaza, kitovu kwenye maranda,
macho wazi, hana haja na chochote.
Kesho kutwa mletee utamu ule ule:
atanusa, atarudi konani, atakupa mgongo.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Hilo hata panya analijua, tena bila kuambiwa.

Ila hawa wa safu ya pili
wametanguliziwa sindano nyingine,
nikotini, tone lisilo na rangi.
Halafu utamu. Halafu pombe.
Halafu maranda, kitovu, macho.

Siku ya tatu anaisoma chupa ya kumi na saba,
anavua miwani, anaifuta, anaisoma tena.
Mililita kumi na nne.
Amekunywa kama mwenye harusi.
Nyoka alimuuma, mimi nilikuwepo, anajisemea Virve,
niliishika ngozi ya shingo yake mimi mwenyewe,
na bado kwake unyasi ni unyasi.

Dokta Riisenberg anashuka na chai yake,
anachora nguzo mbili, fupi na ndefu, anapiga mluzi.
Kisha anajirudi, maana ni mtu mwangalifu:
"Tusikimbilie mbali. Panya si mtu."
Virve anaitikia. Panya si mtu.
Panya hana Ijumaa.

Heino alikuwa nazo, Ijumaa mia saba na zaidi.
Fundi wa breki za treni, mikono ya kuaminika,
na kila Jumamosi alfajiri amepiga magoti kwenye beseni,
anaapa kwa kaburi la mama yake, anatapika, anaapa.
Virve hakumgombeza. Aliyaachia matapishi kazi ya ualimu.
Alidhani hakuna mkaidi wa kumshinda mwalimu yule.

Na kabla ya chupa, siku zote kabla,
mlango wa roshani, njiti ya kiberiti, sigara,
mbili, mgongo wake mpana ukifuka moshi kwenye baridi.
Virve alizipenda zile dakika.
Alikuwa akisema moyoni: hii angalau haipigi kelele.
Hii angalau haivunji sahani.

Sasa amesimama na kalamu
juu ya kisanduku kisichojazwa.
Hajui kama ndivyo ilivyokuwa.
Hapakuwa na Heino wa safu ya kwanza,
hapakuwa na Heino aliyedungwa maji ya chumvi
ili wawili hao walinganishwe.
Alikuwepo mmoja tu, akazikwa Valga,
na udongo ule haujibu maswali ya takwimu.

Anaandika 14. Anaandika tarehe.
Anabadilisha maranda, la zamani linanuka mkojo na msonobari.
Kumi na saba anakuja mbele, anashika waya
kwa vidole vinne vya waridi, vidogo kuliko punje za mchele,
anangoja.
Virve anamtundikia maji matupu.
Panya anaonja. Anaacha. Anamtazama.
Anaonja tena, labda kuna kosa.

Saa nne na robo. Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na mlangoni kuna kopo la mchanga lenye vishungi,
nusu yake vina rangi ya midomo yake.
Mfukoni mwa koti mna pakiti.
Zimebaki tatu.
Anajua bila kuhesabu.