Hesabu ya Paa

Sufuria iliyo chini ya tundu ni ya Eduvina Millalonco.
Ameiweka pale asimamapo padri akija,
na padri huja mara mbili kwa mwaka.
Haba na haba hujaza kibaba;
hapa Chiloé mvua haihitaji hata siku nzima.

Mimi ndiye mweka hazina.
Fundi wa mjini alipanda darini,
akagonga boriti kama daktari agongavyo kifua,
akashuka na unga wa fukusi kwenye nyusi,
akaandika nyuma ya pakiti ya sigara:
peso milioni sitini na mbili.
Tukacheka. Sisi ni kaya kumi na tisa.

Tumeuza vitunguu saumu, soksi za sufu,
tikiti za bahati nasibu ya kondoo dume.
Alijishindia don Heriberto. Akamrudisha zizini,
tukauza tikiti upya,
akajishindia tena.
Jumla: laki nne na ushee.

Mwanangu Nelson, wa vizimba vya samoni,
aliuliza bila kejeli:
“Mama, hizo milioni si boti ya wagonjwa?
Mungu ana haja gani na paa?”
Usiku ule Rosalba aliposhikwa na uchungu
boti ilitoka kisiwa cha pili, ikachelewa.
Tulimwombea humu humu, matone yakigonga ndoo.
Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Jana nilipanda mwenyewe, na tochi.
Msumari haumo. Vigingi vya mti tu,
na mbavu zimepindwa kama za mashua,
maana waliojenga hawakujua kuunda kitu kingine:
wakaunda mashua, wakaipindua, wakaingia chini yake.
Kwenye boriti ya tatu mtu alitoboa pasipofaa.
Akaliona kosa. Akachonga kizibo,
akakilainisha hata kidole changu kikakipita mara mbili,
kisha akatoboa tena, shubiri moja kando.
Nani angemwona huko juu, gizani?
Miaka mia mbili, na pale pa kosa hapavuji.

Nilikaa hapo mpaka betri zikafifia.
Sikusali, kusema kweli. Nilikaa tu,
kama mtu aliyefika kwa jirani
akakuta hayupo, na moto umewashwa.

Nikashuka, nikafungua daftari:
Betri mbili, peso elfu tatu.
Sufuria moja, ya Eduvina. Ya kuazima.
Anaitaka Jumapili, ana wageni.