Mahali Pamefichwa

Ifunda, Desemba ishirini na saba, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu. Tumelowa magoti kabla ya kumaliza shamba la mahindi.
Programu inauliza: Umeona nini leo?
Bado sijaona kitu
ila visigino vya shangazi Falesi vikinitangulia,
vimepasuka kama udongo wa Oktoba.

Yeye ana ndoo mbili na kisu kilicholika hadi nusu.
Mimi nina simu, chaji asilimia arobaini na moja,
na sarafu ya mia mbili, ile yenye simba,
ya kuweka kando ya kila uyoga
ili mtu wa mbali ajue ukubwa wake.
"Kwani unaulipa?" ananiuliza.

Wa kwanza uko chini ya myombo ulioinama,
rangi ya kiini cha yai la kienyeji.
Napiga picha kwa juu. Napiga ubavuni.
Kisha naulaza chali, polepole,
nizipate zile kurasa za chini,
na harufu inanipanda puani: mapichesi, yaliyoiva jana.
Harufu haina kisanduku.
Naibana kwenye Maelezo Mengine.

Mnara uko ng'ambo ya kilima.
Napanda kichuguu, nainua mkono
kama shahidi anayeapa mahakamani,
na jibu linashuka: huenda, asilimia sitini na mbili,
jina la Kilatini lenye mkia juu ya mkia.
Nalisoma kwa sauti.
Shangazi anacheka mpaka anashika mti.
"Huyo nani? Padri mpya?"

Wisogolo, anasema. Andika wisogolo.
Kisanduku cha jina la kienyeji kipo chini kabisa, cha kijivu,
si lazima kujaza.
Najaza.
Simu inaupiga mstari mwekundu.

Kwenye misonobari kuna mwingine, umejaa tele,
unanata kama kamasi, tumbo lake sponji.
Huo simu inaujua upesi, tisini na nane:
ulikuja na miche, ndani ya udongo wa wageni.
Shangazi anauruka.
"Huo hauna jina. Haujatutendea kitu,
chema wala kibaya."

Mweupe, mrefu, mwenye sketi, anausimamia mbali.
"Picha tu. Usiguse."
Simu inasema: taarifa hazitoshi.
Shangazi anazo, anazitaja moja moja akitazama pembeni:
Yusta. Tenzi, mumewe.
Na mtoto wao, alikuwa hajabatizwa.

Tunatembea kitambo bila kuongea. Ndoo zinalia.

Halafu anaiona nukta ya buluu.
"Hiyo nini?"
Ni hapa tulipo, shangazi. Usahihi mita nne.
"Nani anaiona?"
Kila mtu.
Anatua ndoo.
Ndoo moja ni elfu nane pale barabarani, magari ya Mbeya yakisimama;
ndoo kumi na mbili ni sare, daftari, na mchango wa dawati;
na mke wa Kikoti, anasema,
naye kanunuliwa simu ya kupangusa.
"Futa."

Sifuti. Natafuta kwenye mipangilio,
nimechuchumaa, vidole vina tope,
mpaka napata: Mahali, wazi.
Nagusa: Mahali, pamefichwa.
Nukta inayeyuka, inakuwa mraba mpana
unaomeza kichuguu, myombo, Ifunda nzima,
barabara kuu na milima isiyotuhusu.
Shangazi anausogeza uso karibu na kioo,
anautafuta msitu wake, haupati.
"Hapo sawa," anasema. "Wapotee humo."

Usiku, chungu kinachemka na karanga za kutwanga,
ujumbe unaingia kutoka nchi ambayo sasa hivi ina theluji.
Mtu mwenye picha ya mbwa amethibitisha.
Anasema ni mzuri sana, hajawahi kuuona ukiwa hai.
Anauliza kwa adabu: ni wapi hasa?

Shangazi ananitazama juu ya mvuke.

Najibu kwa kidole kimoja, vingine vina ugali:
Iringa.