Rupia ya Kusini

Stima imekatika tangu magharibi, Langoni yote kiza,
nami niko darini na darubini ya Mwalimu Bunu,
ile ya macho mawili, iliyofungwa uzi mahali pa skrubu.
Ishike Difda, alinambia, kisha shuka kusini vidole vinne.

Nikashuka. Si nyota niliyoiona. Ni doa,
rupia iliyoegama ubavu, iliyosuguliwa na mikono ya watu
hata kichwa cha mfalme kikafutika.

Asema ni galaksi, tena ya jirani:
nuru yake hutufikia kwa miaka milioni kumi na moja.
Nikacheka. Bi Somoe twagawana ukuta
na hatujasemezana tangu Mfungo Sita.

Kitovuni mwake, asema, mna kalibu.
Nyota zazaliwa humo kwa fujo, makundi kwa makundi,
na zilizo kubwa hazingoji uzee:
zala akiba yao yote kwa pupa, zapasuka,
na upepo wa kupasuka kwao wairusha gesi nje
mbali, juu na chini ya sahani,
kama mvukuto mikononi mwa mwanagenzi.

Hilo nalijua.
Baba alinipiga kofi moja tu maishani,
siku nilipovuta mvukuto hivyo, makaa yakaruka,
fedha ya watu ikamwagika mchangani.
"Moto haufundishwi kuwaka," alisema,
"wafundishwa kungoja."

Chini, ndani ya leso, vimelala vikuku viwili
vya marehemu mamake Zakiya.
Ataka pete tatu, za wajukuu watatu.
Leo siku ya nne naahirisha,
kwani upande wa ndani, panapogusa ngozi,
pana mkato mdogo, mfano wa kucha:
alama ya Baba.

Hata fedha, asema Bunu, ilipikwa na nyota zilizokufa.
Yeye husema mambo haya huku akitafuna mabuyu.
Nuru niliyoitazama iliondoka kwao
kabla ya kucha ya mtu yeyote kugusa chuma chochote.

Stima ikarudi ghafla. Redio tatu zikaanza kwa pamoja,
taa ya msikiti ikawaka, rupia ikapotea.

Nimeteremka. Nimewasha makaa.
Navuta mvukuto polepole, nikihesabu.
Kikuku cha kwanza chakataa, chakataa,
kisha chalegea, chajikunja, chawa jicho.
Ule mkato ndio uliokwenda mwisho.