Koki ya Chini

Shingoni nina funguo tatu: mmoja wa stoo,
mmoja wa sanduku la maboya,
na huu wa vyoo, ambao nahodha Lubango
huuita, akicheka, ufunguo wa hazina.
Chini ya sitaha kuna tangi, lita mia tatu.
Chini ya tangi kuna koki,
na kwenye koki waya, umebanwa na risasi ya mkaguzi,
ndogo kama punje ya mtama.
Nikiifungua, waya utakatika.
Ukikatika, utasema.

Karatasi imebandikwa mlangoni, imelowa pembe:
usitupe pedi, usitupe nepi,
usimwage kitu ziwani, hata kidogo, hata usiku,
tangi likijaa rudi gatini.
Chini yake mtu ameandika kwa kalamu:
Na samaki je, wanajisaidia wapi?
Sikulifuta. Ni swali la haki.
Ila samaki hawaji hapa sitini sitini kila Jumamosi
na kreti za bia.

Ile ilikuwa harusi ya Nyanzala na Elikana.
Tulitoka Kapripointi saa kumi, tukazunguka Saanane,
pimbi wakitutazama kutoka mawe ya juu
kama majirani ambao hawakupewa kadi.
Saa mbili usiku kipimo kikagusa nyekundu.

Nahodha, limejaa.
Akatazama saa. Akatazama mafuta.
Akatazama giza, maana giza nalo lina bei yake.
"Ziwa ni kubwa, Limi. Fungua kidogo. Waya nitanunua."

Ziwa ni kubwa.
Neno hilo nimelisikia kwa wenye viwanda,
kwa wenye mabanda ya nguruwe,
kwa shangazi yangu afuaye juu ya jiwe.
Wote wamesema kweli, na wote wamelipunguza.

Sikumtajia sheria. Sheria anaijua, aliisaini.
Nilimtajia upepo:
usiku huu unatoka nchi kavu,
utauchukua mzigo wetu, utaupeleka mbali, utalala.
Kesho saa nne utageuka.
Utauleta Luchelele, kwenye jiwe
ambapo mama yangu huinama na ndoo ya njano,
huyapiga maji kofi mara mbili kufukuza taka,
halafu huchota,
kana kwamba kofi ni dawa.
Mwaka wa kipindupindu, mdogo wangu Sayi
alizikwa na chokaa.
Hapo sikuendelea.

"Mtoto akikunyea kiganja, hukikati," nahodha akasema.
Hukikati, ndiyo. Hukiosha.
Kwa maji gani?

Hakujibu. Akageuza usukani.

Nikafunga milango yote miwili, nikasimama katikati
kama askari wa benki.
Msherehesheshaji akashika kipaza sauti:
ndugu wageni, tunarudi mapema, sababu ni siri ya familia.
Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka,
wakaacha na kucheza.
Soda hakuna aliyeitaka tena.
Bibi harusi akaja, gauni lote amelikumbatia:
"Dada, nakuomba."
"Dakika ishirini."
"Dada, leo ni siku yangu."
Nikamshika mkono. Tukahesabu taa za Kirumba,
moja moja, naye akibana meno.

Gatini Bugeraha alikuwa na lori lake la kunyonya,
anakula muhogo wa kuchoma.
Wageni wakampita mbio kuelekea vyoo vya bandari,
Nyanzala mbele, viatu mkononi,
na hakuna aliyepiga vigelegele.
Akafuta vidole, akavuta mpira mnene,
akaufunga kwenye mdomo wa tangi, juu, si kule chini,
na tangi likaguna kama mzee anayevuliwa buti.
"Elfu arobaini. Risiti usipoteze,
mkaguzi ataiuliza."
Nahodha akalipa noti kwa noti,
kila noti akinitazama.
Jumamosi ijayo sijui kama nitaitwa.

Jumapili nikaenda Luchelele.
Mama akayapiga maji kofi mara mbili, akachota,
akachemsha.
Chai ilikuwa na sukari kidogo mno.
Niliinywa yote.