Kijiti cha Kuliwa

Julai, Nkuhungu, saa kumi na moja alfajiri.
Upepo unapita chini ya mlango bila hodi
na Elieza yuko bafuni, ndala mkononi,
anaigonga hita kama anayeamsha mgeni
aliyepitiliza siku zake.

Go. Go. Kimya.
Halafu ndani ya pipa lile jeupe
kitu kinaguruma, kinakokota mawe,
na mume wangu anapaza sauti:
"Umesikia? Bado iko hai!"

Nimesikia.
Nimesikia tangu mwaka juzi.
Nimesikia na Luku ikilia tarehe kumi na tisa,
ile iliyokuwa ikitufikisha mwisho wa mwezi,
na maji yenyewe yanatoka vuguvugu, kama chai ya msibani,
na rangi ni ya chai hiyohiyo.
Nimeliona doa kwenye dari ya jipsam:
mwezi wa pili kisahani,
Pasaka sahani,
sasa sinia.

Nilisema. Akasema ni valvu.
Akabadilisha valvu.
Nilisema. Akasema koili.
Akabadilisha koili, mara mbili,
ya pili kwa hela ya mbegu za alizeti.
Kwa Elieza, kununua mpya ni kushindwa.
Hii aliipata mnadani, hoteli moja ya Area C ilipofungwa,
mwaka ule tuliohamia, akaileta kwa guta,
yeye akitembea pembeni, mkono juu yake,
kama anayesindikiza bibi harusi.

Nikampigia Ndahani bila kuuliza mtu.

Fundi Ndahani hakuja na maneno.
Alifunga maji, akazima swichi,
akaweka beseni langu la kufulia, akafungua kifuniko cha chini.
Maji kidogo. Kisha ukoko.
Ukoko mweupe, vipande vipande, kama wa wali,
beseni likajaa, nikaleta ndoo.
"Haya ndiyo maji yenu. Sabuni haitoi povu,
birika linaota ganda,
mlidhani humu yanafanya nini?"

Elieza aliuliza kama unavyomuuliza daktari:
"Tukiisafisha, itasogea mwaka?"

Ndahani akachomoa kitu, akakilaza kiganjani:
waya mwembamba, umetafunwa,
mfupi kuliko kidole.
"Hiki kilikuwa kijiti. Kirefu kama mkono wako, mzee,
kinene kama kidole gumba.
Kinawekwa ndani ili kiliwe.
Maji ya chumvi lazima yale kitu.
Kikiwepo, yanakila chenyewe, tangi linapona.
Kikiisha, yanaligeukia tangi.
Mngekibadilisha mapema tungekuwa tunaongea mengine.
Leo nikikuwekea kipya, nitakuwa nakuibia."
Akapokea nauli, zaidi ya hapo akakataa.

Elieza alikichukua kile kiwaya,
akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha,
halafu, sijui kwa nini, akaniangalia mimi;
mikono yangu, iliyopasuka kwa baridi na sabuni,
mikono iliyowasha mkaa kila hita ilipogoma
ili yeye aende kazini akiwa ameoga.
"Nani alitakiwa kukikagua?" akauliza, taratibu.
"Mwenye nyumba," alijibu Ndahani, akifunga sanduku la spana.
"Kila mwaka."

Mpya ilifungwa Jumamosi. Ndogo, haina sauti.
Bado ninaoga nikitega sikio, mazoea tu.
Ya zamani wameichukua watu wa chuma chakavu,
wameipima kwa kilo, na Elieza hakutoka nje kuangalia.
Ila kwenye kalenda ya kanisa, Julai ya mwakani haimo,
basi ameandika pembeni ya Desemba, kwa penseli,
neno moja: kijiti.

Na jana alfajiri niliamka nikakuta kitanda nusu kimepoa.
Yuko jikoni, amechuchumaa, anapuliza mkaa,
sufuria kubwa juu ya jiko, majivu kwenye nyusi.
"Umeme upo," nikamwambia.
"Najua," akasema.
Akaendelea kupuliza.