Safu ya Nne, Chini Kabisa

Novemba, Tartu. Saa tisa alasiri
na taa za barabarani zimeshawaka.
Nimechora kisanduku cha kutafutia mara ya kumi na mbili:
cheupe, kipana, pembe zake nimezilainisha,
na ndani yake maneno ya kijivu: *Andika unachokitafuta*,
kana kwamba kila ajaye
huja akijua anachokitafuta.

Bi Hilja alikuja kwa basi kutoka Võru,
miaka themanini na mmoja, soksi za sufu,
kalamu ya risasi nyuma ya sikio.
Tulimwalika atujaribie kazi.
Tukampa kahawa, kiti, kipanya,
na Maarika akaketi kando na daftari
ahesabu sekunde.

Akaandika kwa kidole kimoja: *Roosi.*
Jina la nyanya yake, mzaa mama.
*Hakuna matokeo.*

Kuuliza si ujinga,
ila kisanduku changu kilimtazama
kama mtu aliyeuliza ujinga.

Heldur akaeleza, kwa upole wake wa fundi:
herufi za magazeti ya kale zina miiba,
na s ya katikati ya neno husimama wima
mithili ya f iliyovunjika mkono.
Mashine haikuzaliwa na mtu. Inasoma *Roofi*.
“Jaribu Roofi,” akasema.
“Nimwite nyanya yangu jina alilobandikwa na mashine?”
Akacheka, lakini akaandika.
*Hakuna matokeo.*

Hapo nikanyamaza, maana kosa lilikuwa langu.
Mwezi wa Julai, kwa mkono wangu,
niliandika katika mpango wa kazi:
*makala tu.*
Matangazo ni vumbi, nilisema, yanachafua matokeo.
Nikafagia sabuni, mbegu za viazi, dawa za kipara,
wachumba, wadeni, miavuli iliyosahauliwa kanisani,
na wakuu wakanisifu:
sasa ukurasa unapumua.

“Gazeti lenyewe liko wapi?” akauliza Bi Hilja.
“Gazeti zima. Lile la kufungia samaki.”

Nikamfungulia ghala la picha, mlango wa nyuma,
mahali ambapo mgeni hakupaswa kufika.
Akalamba ncha ya kidole
kabla ya kugusa kioo,
akafunua.
Akalamba tena, akafunua.
Kila ukurasa uliacha alama ndogo ya mate
juu ya kazi yangu ya miaka miwili.
Dakika ya arobaini Maarika aliifunika saa kwa kiganja.

Februari 1909, ukurasa wa mwisho,
safu ya nne, chini kabisa,
kati ya muuza nyuki na cherehani iliyotumika:

*Amepotea mbuzi jike, pembe moja,
kengele haina ulimi.
Amwonaye amlete kwa Roosi, shamba la Kuuse.
Zawadi: soksi jozi mbili.*

Hakulia. Nilidhani atalia, nikawa nimeshika leso.
Aliinua mguu mmoja kidogo kutoka sakafuni
akaitazama soksi yake,
kisha akaurudisha.

“Kengele bila ulimi,” akasema.
“Sasa ya nini?”

Heldur tayari alikuwa akipiga hesabu ukutani:
kuyarudisha matangazo, miezi mitatu,
kuifundisha mashine ile s, mingine minne,
na pesa zitoke wapi.
Mimi nilikuwa nikifuta maneno ya kijivu
kwenye kisanduku. Sikupata ya kuweka badala yake.
Kishale kikabaki kinapepesa peke yake.

“Je, alipatikana?” akauliza Bi Hilja.
Nani?
“Mbuzi.”

Nikaandika *mbuzi*.
Kisanduku kikanipa hotuba ya waziri kuhusu mifugo
na bei za ngozi huko Riga.
Akanisukuma mkono taratibu, akalamba kidole,
akafunua toleo la wiki iliyofuata.
Basi la mwisho la Võru liliondoka saa moja na robo.
Tulikuwa tumefika Machi tarehe nane,
watu wanne, kioo kimoja,
bado tunamtafuta.